Damu ya Mkongomani, dawa ya Ebola: karatasi iko mikononi mwa nani?

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina hawajasahau. Toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 mashariki ya inchi yetu. Katika vituo vya matunzo, wagonjwa wamoja walipewa dawa inayoitwa mAb114. Ni wachache njo wanajua ilitoka wapi.

Ilitoka katika damu ya Mkongomani. Mtu huyo alipona Ebola kule Kikwit mwaka 1995, na kisha miaka 11 akatoa damu. Ndani yake, Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB ya Kinshasa na wachunguzi wenzake wa Marekani na Uswisi walipata askari wa mwili wenye kuzuia kirusi. Toka pale dawa ikatengenezwa. Katika uchunguzi ulioanza huku kwetu mwezi wa kumi na moja 2018, kati ya wagonjwa 100 waliopewa mAb114, karibu 35 walikufa. Kwa ZMapp, dawa ya kulinganisha, walikuwa karibu 50. Basi dawa iliokoa watu, hilo halina ubishi.

Lakini dawa iko pia na karatasi zake. NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ilipatia kampuni Ridgeback ruhusa ya kuitengeneza. Mwezi wa kumi na mbili 2020, Marekani ikaikubali kwa jina la Ebanga.

Karatasi hiyo njo wanaita breve. Ni cheti chenye kumpa mvumbuzi haki ya kukataza wengine kutengeneza ao kuuzisha kitu chake, kwa kawaida miaka 20. Naye anapashwa kuandika wazi namna kitu kinafanya kazi. Kila mtu anaweza kusoma, lakini si kila mtu anaweza kutengeneza. Na mvumbuzi mbele ya sheria ni yule aliyegundua, si yule aliyetoa damu.

Mtauliza: na Mapatano ya Nagoya, ambayo Kongo ilikubali? Yanaomba faida igawanywe na inchi yenye mimea ao wanyama waliotumiwa. Damu ya mtu haimo.

Kwa hiyo kinga yako ya kwanza ni karatasi unayotia sahihi mbele ya kutoa damu. Uliza:

– Damu yangu itapelekwa wapi, na itawekwa miaka ngapi?

– Nani ataona jina langu? Hata wakiandika namba pahali pa jina, katika kijiji kidogo umri na tarehe ya ugonjwa vinaweza kutosha watu wakutambue.

– Dawa ikipatikana, itatufikia? Kwa bei gani?

Kukataa uchunguzi hakupashwe kukunyima matunzo. Na kama karatasi iko kwa Kifaransa tu, omba isomwe katika luga unayosikia vizuri, kisha ubakie na kopi yako.