Mpiga Tumba na Ngoma Zake

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: TUMBA, KUWAMBA, NGOZI. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, ayanakili katika daftari lake, kisha tuendelee.

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyemo katika bendi nyingi za muziki wa dansi, lakini husahauliwa upesi. Waimbaji husifiwa, na wapiga magitaa husifiwa. Yule aliye nyuma yao, apigaye ngoma mbili au tatu ndefu kwa mikono mitupu, hasifiwi sana. Huyo ndiye mpiga tumba. Kama kikundi chenu kinafikiri kununua tumba, au kuzitengeneza wenyewe, sikilizeni vizuri. Kazi hii ina faida, na ina hatari zake.

Tumba ni nini? Ni ngoma ndefu, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa mti. Tumbo lake limetuna katikati, juu imewambwa ngozi, na chini iko wazi. Asili yake ni Afrika. Watu wengi, wakiwamo watu wa nchi za Kongo, walichukuliwa utumwani mpaka kisiwa cha Kuba, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Huko walitengeneza ngoma kwa kufuata zile za kwao. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886, lakini ngoma zilibaki. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri zenye muziki wa Kuba zilifika Afrika, na watu wetu wakaupenda sana. Hivyo ngoma hizi zilirudi kwao, zikaingia katika bendi zetu.

Hata majina ya bendi yanaonyesha jambo hilo. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Leo inaitwa Msondo Ngoma, na msondo ni ngoma ndefu ya kienyeji. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, hujulikana kwa jina la Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zina magitaa na matarumbeta, lakini majina yake ni ya ngoma.

Sasa tutazame jinsi ngoma hizo zinavyopangwa. Katika ngoma za kienyeji, mara nyingi kila mpigaji ana ngoma yake. Mmoja hushika mdundo usiobadilika, mwingine humjibu, na wa tatu hupamba. Kuba pia walifanya hivyo. Baadaye wapigaji wengine walianza kupiga ngoma zaidi ya moja. Mmoja wa watu wa kwanza kufanya hivyo ni Candido Camero, aliyezaliwa Kuba mwaka 1921 na kufa mwaka 2020. Alipiga mbili, kisha tatu, peke yake.

Ngoma hizo tatu hazilingani. Ndogo huitwa kwinto, na upana wa uso wake ni kama sentimita 28. Ya kati huitwa konga, kama sentimita 30. Kubwa huitwa tumba, kama sentimita 32. Jina lake ndilo sisi tunaziitia zote. Ndogo ina sauti ya juu, kubwa ina sauti nzito. Mpigaji atumiaye zaidi mkono wa kulia huweka ya kati mbele yake. Wengi huweka kubwa upande wa kulia na ndogo upande wa kushoto. Akipiga ameketi, huinamisha kidogo ngoma iliyo mbele yake, ili tundu la chini lisizibwe na sakafu. Likizibwa, sauti nzito hufa. Akipiga amesimama, huziweka juu ya vyuma vya kusimamishia.

Je, ni lazima kuwa na tatu? La. Ngoma moja nzuri mikononi mwa mtu ajuaye kazi yake yashinda tatu zenye ngozi mbovu. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu ngoma, tazameni ngozi.

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye jambo kubwa la somo letu. Sisi tuna ng'ombe na mbuzi wengi. Tunajua ngozi. Hata litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, limewambwa ngozi. Lakini ngozi yaweza kuleta mauti. Kuna ugonjwa uitwao kimeta. Huua ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini. Mnyama hufa ghafla, na mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Vijidudu vya kimeta hukaa katika udongo na katika ngozi miaka mingi. Kuianika ngozi juani hakuviui, wala kuitia chumvi hakuviui.

Mtengeneza ngoma anapokwangua manyoya, vumbi huruka, naye hulivuta kwa pumzi. Mwaka 2006, mjini New York, mtengeneza ngoma mmoja aliugua kimeta kwa sababu ya ngozi mbichi, lakini alipona. Mwaka 2008, mjini London, mwingine alikufa. Ikiwa jambo hilo limetokea katika miji mikubwa isiyo na mifugo, sisi tunaoishi na mifugo tufanyeje?

Tufanye hivi. Mnyama aliyekufa ghafla asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Mwiteni bwana mifugo. Ngozi ya ngoma itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na kuchinjwa machinjioni. Wapelekeni mifugo wakachanjwe. Mtu akiota kidonda kisichouma, kikafanya gamba jeusi katikati, aende zahanati siku ileile, aseme kwamba alishika ngozi. Akiwahi, dawa zipo.

Tukiisha kupata ngozi njema, tuikaze vizuri. Zamani ngozi ilipigiliwa misumari, ikakazwa kwa kupashwa moto. Tumba za siku hizi zina nati pembeni. Kaza kila nati kidogo, zunguka zote, kisha rudia. Ukikaza upande mmoja tu, ngozi huvutwa upande na sauti huharibika. Wazee walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sisi tuivute sawasawa pande zote. Hewa ya mvua hulegeza ngozi, na jua huikaza mpaka ikaweza kupasuka. Kwa hiyo usiache ngoma juani, na ukimaliza kazi legeza nati kidogo. Ngozi ikipasuka katikati ya arusi, kikundi chaweza kurudi nyumbani bila malipo.

Mwisho, tuitunze mikono. Vua pete kabla ya kupiga. Kwa sauti ya wazi, piga ukingoni kwa vidole vilivyobanana, uache mkono uruke. Kwa sauti nzito, piga katikati kwa kiganja kizima. Usitumie nguvu nyingi. Mbinu hushinda nguvu. Waganga wameona kwamba mtu apigaye kwa nguvu saa nyingi aweza kukojoa mkojo mwekundu au wa kahawia, kwa sababu chembe za damu hupasuka mikononi. Lakini mkojo wa damu waweza pia kuwa dalili ya kichocho. Usikisie. Nenda zahanati ukapimwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ngoma tatu za mpiga tumba zinatofautianaje?
2. Kwa nini tundu la chini lisizibwe?
3. Jirani anawauzia ngozi kwa bei ndogo sana, naye hataki kusema ng'ombe alikufaje. Mtamjibu nini?

Andikeni jibu la swali la tatu kwa sentensi mbili, mlisome mbele ya wenzenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.