Bunju: Meno Yanayotoa Onyo

Mnadani Kunduchi Pwani, Dar es Salaam, changu, tasi na kolekole hupata wateja kabla hawajakauka maji. Bunju huishia mchangani. (Bunju samaki, si eneo la Bunju la daladala za barabara ya Bagamoyo.) Wavuvi wanajua tangu utotoni kuwa huyu anayejivimbisha kama mpira haliwi. Sayansi nayo ina alama yake ya kumtambua: meno.

Mfunue midomo. Kuna mabamba manne ya meno, mawili juu na mawili chini, na mstari katikati. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeeneza utaratibu wa kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili, alimweka katika jenasi ya Tetraodon, yaani meno manne. Mwenzake mwenye miiba mirefu, ambaye meno yake yameungana kuwa bamba moja juu na moja chini, akawa Diodon. Majina hayo yangalipo, ingawa bwana mkubwa aliteleza: mwaka 1766 aliwahamishia samaki hawa kwenye amfibia, akidhani wana mapafu.

Meno peke yake hayatoshi, hata hivyo. Pono naye ana meno yaliyoungana, na ni kitoweo kizuri tu. Lakini pono ana magamba makubwa, bunju hana. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha sifa nyingi kwa pamoja, na siku hizi vinasaba pia.

Ukoo wa bunju ndio ulioipa sumu yake jina. Mwaka 1909 Mjapani Yoshizumi Tahara aliiita tetrodotoksini. Hutengenezwa na bakteria, kisha hujikusanya hasa kwenye ini na mayai ya samaki, na moto wa jikoni hauiharibu. Huziba njia za sodiamu kwenye neva: midomo na ulimi hufa ganzi, halafu misuli ya kupumua hulegea huku mgonjwa akiweza kuwa na fahamu zake zote. Dawa ya kuizimua haipo. Hospitali humsaidia kupumua mpaka mwili uitoe.

Mnofu uliokwisha kuchunwa hauna meno wala ngozi ya kukagua. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake nchini Canada walipendekeza wanyama watambuliwe kwa kipande kifupi cha DNA, na kwa njia hiyo hata mnofu mtupu hutambulika. Mgonjwa lakini hasubiri maabara. Ganzi ikianza baada ya kula samaki, akimbizwe hospitali, na kichwa cha samaki, kama bado kipo jalalani, kibebwe pia.