Zamani Boriti, Leo Watoto Wetu

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu uwanja wa ndege wa Mombasa. Alikuwa akienda Kuwait kutafuta riziki. Aliponipa mkono wa buriani, nilimkumbuka marehemu babu yangu, mkata boriti wa Lamu, ambaye aliijua Kuwait kwa wateja wake ingawa hakupata kuiona.

Wapenzi wasomaji, zamani hizo watu wa Kuwait ndio waliokuja kwetu. Nchi yao ilikuwa jangwa lisilo mto. Hata maji ya kunywa yaliletwa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab. Waliishi kwa kuzamia lulu na kwa kusafiri. Kaskazi ikivuma, mabumu yao yaliteremka na tende za Basra, yakapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi Rufiji. Kusi ikianza, yalirejea na boriti za mikoko zilizohesabiwa kwa korja. Boriti hizo ziliezeka nyumba zao kama zilivyoezeka zetu; huko na huku, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Mwishoni mwa 1938, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu la Kuwait huko Aden. Alifika nalo Rufiji, wakapakia boriti, wakarudi Kuwait mwaka 1939. Mwaka huo huo wa 1938, mafuta yalikuwa yamegunduliwa Burgan, kusini mwa mji wa Kuwait. Sidhani kama mabaharia wale walitambua kwamba kisima kile ndicho kitakachowashusha matanga.

Lulu ilikuwa imekwisha kuanguka bei kwa sababu ya lulu za kufugwa za Wajapani. Shehena ya kwanza ya mafuta ikatoka mwaka 1946. Hapo watu wakamiminika: Wamisri, Wapalestina, Wahindi na wengineo. Hesabu ya watu ya 1957 ilipata kama 206,000; leo wamepita milioni nne, na katika kila watu watatu, wawili hivi ni wageni. Nyumba zikawa za saruji na chuma. Nani tena angetaka boriti ya babu? Mabumu yakapungua hata yakatoweka, na mwaka 1982 Kenya yenyewe ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Babu akalitundika shoka lake.

Ama kwa hakika, mali ikifukuliwa mahali pamoja, hutikisa hata nyumba iliyo ng'ambo ya bahari. Tuliokuwa wauzaji tumekuwa watafutaji kazi.

Lakini tusidhani mafuta peke yake ndiyo yaliyowainua. Mwaka 1953, Kuwait iliunda bodi mjini London ya kuwekeza ziada ya mapato. Mwaka 1976 ikatunga sheria ya kutenga sehemu ya kumi ya mapato ya kila mwaka kwa ajili ya vizazi vijavyo. Walijua kwamba kisima hukauka.

Sisi je? Ujana wa watoto wetu nao ni kisima. Fedha wanazoleta huishia kwenye harusi na mapazia, na mtoto akirejea hukuta mikono mitupu. Ndiyo maana sikumpa mpwa wangu zawadi ila daftari. Nikamwambia, "Andika kila unacholeta, nami nitaandika kila tunachotumia." Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.