Vichujio na vidhibiti vya mkono katika sinthesaiza ya moduli

Sinthesaiza ya moduli ni ala ya muziki ya kielektroniki iliyoundwa kwa visanduku vidogo vinavyoitwa moduli. Kila moduli ina kazi yake, na mpigaji huziunganisha kwa nyaya jinsi anavyotaka. Oskileta hutoa wimbi la sauti, kichujio hupunguza sehemu fulani za sauti hiyo, na amplifaya hupandisha au kushusha ukubwa wake. Vidhibiti vya mkono ni vifaa anavyogusa, anavyobonyeza au anavyozungusha mpigaji ili kuziamuru moduli hizo. Kati ya moduli zote, kichujio na kidhibiti ndivyo vinavyoifanya sauti ya mashine isikike kama sauti ya ala iliyo mikononi mwa mtu.

Kazi ya kichujio

Njia rahisi ya kuelewa kichujio ni kutumia kinywa. Mtu akitoa sauti moja bila kuibadilisha kimo, kisha akatamka irabu u, o, a, e, i mfululizo, nyuzi za sauti kooni hutoa mlio uleule, lakini kinywa kinabadili umbo. Umbo hilo huimarisha masafa fulani na kudhoofisha mengine, na ndiyo maana irabu hutofautiana. Kinywa ni kichujio. Kitufe cha redio cha kupunguza sauti nyembamba ni kichujio pia, ingawa ni cha aina sahili.

Oskileta ikitoa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno kwa hezi 110, sauti hiyo haina hezi 110 peke yake. Ndani yake kuna pia hezi 220, 330, 440 na kuendelea, ambazo huitwa harmoniki. Kichujio huamua ni harmoniki zipi zipite. Aina kuu ni nne:

- Kichujio cha kupitisha chini hupitisha masafa ya chini na kupunguza ya juu.
- Kichujio cha kupitisha juu hufanya kinyume chake.
- Kichujio cha kupitisha kati hupitisha ukanda mmoja tu wa masafa.
- Kichujio cha kukata kati huondoa ukanda mmoja na kuacha mengine.

Masafa ambapo kichujio huanza kupunguza sauti huitwa kikomo. Kitufe cha pili muhimu ni cha rezonansi, kinachoimarisha masafa yaliyo karibu na kikomo. Rezonansi ikiongezwa sana, vichujio vingi huanza kupiga mluzi vyenyewe hata kama hakuna sauti inayoingia.

Volteji kama lugha ya pamoja

Kikomo kinaweza kusogezwa kwa kuzungusha kitufe. Lakini katika sinthesaiza ya moduli kinaweza pia kusogezwa kwa volteji inayotoka katika moduli nyingine. Kipimo kilichoenea ni volti 1 kwa kila oktava. Ikiwa kikomo kiko kwenye hezi 200, volti 1 ikiongezwa hufika hezi 400, na volti 2 hufika hezi 800. Kichujio hakijui volteji hiyo imetoka wapi. Inaweza kutoka kwenye kinanda, kwenye kidole kilicho juu ya utepe, au kwenye oskileta inayokwenda polepole. Kwa hiyo kifaa chochote kinachogeuza mwendo wa mkono kuwa volteji kinaweza kuwa kidhibiti.

Njia mbili za Marekani

Mwaka 1964 mhandisi Robert Moog (1934–2005), aliyekuwa na karakana Trumansburg katika jimbo la New York, alishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch kutengeneza moduli zake za kwanza. Kichujio chake mashuhuri kina transista zilizopangwa jozi juu ya jozi, na kapasita katikati ya kila jozi, mfano wa vipago vya ngazi. Kwa sababu hiyo huitwa kichujio cha ngazi, na Moog alipewa hataza yake mwaka 1969. Kinapunguza desibeli 24 kwa oktava, yaani kila oktava inayopanda juu ya kikomo, ukubwa wa wimbi hupungua hadi karibu sehemu moja ya 16.

Moog aliweka kinanda chenye vibao kama vya piano. Aliuza pia kidhibiti cha utepe: mpigaji huteleza kidole juu yake, na volteji hufuata mahali kidole kilipo. Kwa utepe sauti hupanda na kushuka bila ngazi za noti. Keith Emerson wa Uingereza alijulikana kwa kuutumia jukwaani.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa nchi, Don Buchla (1937–2016) alitengeneza ala yake huko San Francisco kwa ajili ya watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender. Buchla aliepuka kinanda cha piano, kwa kuwa vidole vilivyozoea piano hurudi kwenye muziki wa piano. Badala yake aliweka vibao vya kugusa visivyosogea. Kila kibao kiliweza kupangiwa volteji yake, kwa hiyo mpigaji hakufungwa na noti 12 za oktava. Baadaye alitengeneza moduli inayounganisha kichujio na amplifaya, ikitumia taa ndogo na kinzani kinachohisi mwanga. Kinzani hicho huchelewa kidogo kurudi katika hali yake, hivyo sauti hufifia kama ngoma au gogo lililogongwa.

Matokeo ya uchaguzi huo

Tofauti hiyo ya vidhibiti ilisikika katika muziki. Mwaka 1967 Subotnick alitoa Silver Apples of the Moon kwa ala ya Buchla, muziki wenye milio na midundo ambayo ni vigumu kuiandika kwa noti za kawaida. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa Switched-On Bach kwa ala ya Moog, akirekodi sauti mojamoja na kuzipanga juu ya nyingine, kwa kinanda maalumu kilichohisi nguvu ya kidole. Albamu hiyo iliuzwa sana, na watu wengi wakaanza kuiona sinthesaiza kuwa aina ya kinanda. Minimoog ya mwaka 1970 iliimarisha mtazamo huo: nyaya za kuunganisha ziliondolewa, na kinanda kikawa sehemu ya ala yenyewe.

Mashine za moduli zilikuwa na kasoro zake. Zilikuwa ghali, joto lilibadili kimo cha sauti, na hazikuwa na kumbukumbu: aliyetaka kuirudia sauti ya jana alilazimika kuandika kwenye karatasi kila waya na kila kitufe kilipokuwa. Ala za kidijitali za miaka ya 1980 zilitatua mambo hayo, lakini nyingi zilificha vichujio nyuma ya skrini ndogo na vibonyezo vichache.

Katikati ya miaka ya 1990 Dieter Doepfer wa Ujerumani alianzisha mfumo wa A-100, uliokuwa msingi wa kipimo cha Eurorack kinachotumiwa leo na watengenezaji wengi. Vichujio vya ngazi, vibao vya kugusa na tepe sasa huweza kukaa katika sanduku moja. Anayejifunza ala hii hushauriwa kuanza na oskileta moja, kichujio kimoja na kidhibiti kimoja. Kichujio kisichosogezwa hutoa sauti ileile muda wote, na mkono ndio unaoipa mwendo.