Vidole vya mpanda miamba si vya mchezo

Shabiki anayefika Singida kuiona Singida Black Stars hawezi kuyakwepa mawe. Mengine makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana mpaka unajiuliza kwa nini hayaporomoki. Ni graniti, jiwe gumu lenye ngozi kama msasa, aina ambayo wapanda miamba duniani huitafuta.

Mchezo wao uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Paris 2024, Veddriq Leonardo wa Indonesia alitwaa dhahabu ya kasi kwa kupanda ukuta wa mita 15 ndani ya sekunde 4.75. Kipa hajamaliza hata kuutenga mpira wa goli kiki, jamaa kafika juu! Lakini kwenye kuta ngumu, anakotamba Janja Garnbret wa Slovenia, shughuli yote ni vidole. Mwili mzima unaning'inia kwenye ukingo unaotosha ncha za vidole tu.

Na kidole chenyewe hakina msuli wa kukikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko chini ya kiwiko, inavuta kano kama breki ya baiskeli inavyovuta waya. Kano nazo zimefungwa kwenye mfupa kwa vikanda vidogo, na hapo ndipo balaa lilipo. Msuli hupata nguvu ndani ya wiki, vikanda vinataka miezi. Kijana anajiona yuko fiti, anajining'iniza kwa pupa, mara "pa!", kikanda kimekatika. Huyo atakaa benchi muda mrefu.

Ndiyo maana mazoezi yao ni ya kinyonga. Unapasha mwili moto, unashika ubao wenye ukingo, miguu ikigusa chini kupunguza uzito. Sekunde 10, kisha pumzika dakika 2 au 3. Mara 5 zinatosha, siku mbili kwa wiki, zisifuatane. Ukimaliza, vungia vidole mpira wa tyubu uvitanue, maana misuli ya kufungua nayo inataka haki yake. Kipa anayeteswa na mashuti ya mbali anaweza kuiba hilo la tyubu bila gharama.

Wanaokua wakae mbali na ubao. Kwao sehemu laini ya mfupa inayorefuka ndiyo huumia kwanza, na mtoto wa miaka 14 anayelalamikia kiungo cha katikati cha kidole apelekwe hospitali, asifungwe bandeji na kurudishwa mazoezini.