Nenosiri Likisahauliwa, Hurejeshewa Nani?

Katikati ya mwaka, katika majira ambayo matokeo ya kidato cha sita hutangazwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi, vijana wa Kinyala na wa kata nyingine za wilaya ya Rungwe huingia Tukuyu kwa bodaboda, kwa bajaji na kwa miguu, bahasha za vyeti zimefichwa ndani ya masweta kwa hadhari ya ukungu na manyunyu, wakaketi kwenye mabenchi ya steshenari kungoja zamu zao. Maombi ya chuo na ya mkopo hutaka anwani ya barua pepe, na aghalabu kijana hana. Basi mwenye duka, ambaye ana foleni nyuma ya huyu na umeme usioaminika mbele yake, humfungulia moja papo hapo, humchagulia nenosiri, na pale mtandao unapotaka namba ya simu huandika namba yake yeye, kwa kuwa simu ya kijana imeisha chaji au imebaki nyumbani kwa mama. Kisha huchukua kaunta buku yenye jalada gumu, akaandika humo jina, anwani na nenosiri. Nimepata kuifunua kaunta buku ya namna hiyo kwa idhini ya mwenyewe: kurasa nzima zilikuwa na nenosiri moja tu, jina la duka na mwaka, likirudiwa mstari kwa mstari kwa kila mteja.

Miaka ikapita. Kijana yule, sasa mwenye shahada, ataka kuomba kazi ya serikali kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, naye hakumbuki alichoandikiwa. Abonyeza mahali pa kusahau nenosiri. Mfumo humwarifu kwamba umempelekea kiungo katika barua pepe yake; barua pepe nayo yataka nenosiri lake; na akikiri kwamba hilo pia hana, huulizwa kama apelekewe tarakimu za uthibitisho kwenye simu ambayo mtandao humwonyesha tarakimu mbili tu za mwisho, nazo si za simu yake wala za baba yake. Ni za mwenye duka, na mwenye duka amekwisha kuhamia Mbeya.

Watu humlaumu kijana huyo kwa usahaulifu, nami sioni haki katika lawama hiyo. Akaunti ile haikupata kuwa yake hata siku moja, madhali katika mitandao ya leo mwenye akaunti kwa hakika ni yule ambaye, nenosiri likipotea, mfumo humgeukia na kumkabidhi jingine. Mtu aweza kutia komeo la chuma mlangoni na kulikagua kila jioni, ilhali ufunguo wa akiba umebaki kwa mpangaji aliyehama mwaka juzi. Kwa sababu hiyo, yeyote ajaye kwangu kuuliza nenosiri gani ni imara humuuliza kwanza: namba gani na anwani gani zimeandikwa katika mipangilio ya akaunti yako kuwa njia ya kurejea, na je, zote mbili zi mikononi mwako leo?

Wazee huuliza swali jingine, nalo ni la busara: kwa nini mtandao usinikumbushe nenosiri langu la zamani, badala ya kunilazimisha kuweka jipya? Jibu ni kwamba mtandao wenye nidhamu haulijui. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako kompyuta moja ilikuwa ikitumiwa na watu wengi kwa zamu na kila mmoja alikuwa na neno lake la siri, mtafiti mwanafunzi aitwaye Allan Scherr aliiomba mashine imchapie faili la maneno hayo, nayo ikamchapia yote, kwa kuwa yalikuwa yameandikwa humo kama yalivyo. Muradi wake ulikuwa kupata saa nyingi za kazi kuliko alizogawiwa. Ilipofika mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha maelezo ya njia ambayo misingi yake ndiyo ifuatwayo hata sasa: nenosiri huchanganywa na herufi za kubahatisha, ambazo mafundi huziita chumvi, kisha hupitishwa katika kanuni ya hesabu inayoligeuza kuwa mfuatano mrefu usioweza kurudishwa nyuma, na kinachohifadhiwa ni mfuatano huo pamoja na chumvi yake, si nenosiri lenyewe. Uingiapo tena, ulichoandika huchanganywa na chumvi ile ile na kupitishwa katika kanuni ile ile, na mifuatano miwili ikilingana mlango hufunguka. Ndiyo maana mtandao wowote utakaokuandikia ukisema nenosiri lako ni kadha wa kadha, na kweli likawa lile uliloliweka kwa mkono wako, umejifedhehesha wenyewe. Ondoa humo siri zako, na nenosiri hilo libadili popote pengine ulipolitumia.

Sasa, maadamu mfumo hauwezi kukukumbusha, hauna budi kutafuta ithibati kwamba wewe ni wewe, na hapa ndipo wezi walipoweka kambi. Zamani ithibati ilikuwa maswali. Septemba 2008 Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, aliingiliwa barua pepe yake ya Yahoo na mwanafunzi wa chuo ambaye hakuvunja kitu: alidai kwamba amesahau nenosiri, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, na mahali bibi huyo alipokutana na mumewe, akayapata majibu yote kwa kutafuta intaneti. Ikiwa mgeni wa mbali aliweza hayo kwa gavana wa Alaska, seuze jirani kwa jirani katika kijiji ambacho kila mtu ajua shule uliyosoma, jina la mama yako na ng'ombe aliyetolewa kwenye mahari ya dada yako. Tarehe ya kuzaliwa nayo si siri hata kidogo: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, hivyo kila karani na kila wakala aliyepata kunakili namba hiyo anayo. Ukikuta mtandao ungali ukiuliza maswali ya aina hii, ujibu uongo, na uongo huo uuandike mahali salama. Hapa uongo hauna dhambi.

Leo ithibati imehamia kwenye simu, na kwa Mtanzania maana yake imehamia kwenye laini. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 zile zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Jambo hilo lilifunga milango mingi ya udanganyifu, walakini lilifungua mmoja. Wakala asiye mwaminifu, aketiye chini ya mwavuli siku ya gulio, humwambia mkulima kwamba kidole hakikusoma, arudie. Na kule kurudia ndiko kunakosajili laini ya pili kwa jina la mkulima, laini itakayotumiwa na watu asiowajua. Bonyeza *106# katika simu yako uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua, nenda katika duka la kampuni husika ukaikane. Hatari ya pili ni tulivu zaidi. Laini iliyotupwa kabatini ikakaa muda mrefu bila matumizi hufungwa, na namba yake hatimaye hupewa mtu mwingine. Mtu huyo, bila hila yoyote, huanza kupokea tarakimu za uthibitisho za barua pepe yako. Kabla ya kuiacha laini, pita kwanza katika akaunti zako zote uifute humo.

Tarakimu hizo zenyewe ni amana ambayo haina mtu wa kukabidhiwa. Mbinu ya kuteka WhatsApp katika makundi ya vikoba ni nyepesi mno: tapeli huandika namba yako katika simu yake, tarakimu sita huja kwako, kisha hukupigia au hukuandikia, mara nyingi kwa akaunti ya rafiki aliyekwisha kutekwa, akikusihi umsomee namba zilizokuja kwako kwa bahati mbaya. Ukimsomea, dakika kumi baadaye wanakikundi wenzako wanaombwa hela kwa jina lako, na yule mweka hazina anayekuheshimu ndiye wa kwanza kutuma. Kinga yake ni uthibitisho wa hatua mbili, uliomo katika mipangilio ya WhatsApp, ambapo unajiwekea namba ya siri ya tarakimu sita isiyopita kwenye ujumbe. Aliyekwisha kutekwa aisajili upya namba yake katika simu yake, na tapeli atatolewa papo hapo. Ila tapeli akiwa amewahi kuweka namba yake ya siri, itabidi kungoja siku 7. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma hupelekwa 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humhesabu mtu aingiaye kwa makusudi na bila idhini katika mfumo wa mwingine kuwa mkosaji, hata kama hakuchukua shilingi.

Nije kwa yule ambaye amesahau kweli, na njia za kurejea ni zake. Kosa la kwanza la watu wengi ni pupa: huenda mjini, huketi kwenye kompyuta wasiyoijua, na kujaribu mara ishirini. Google, ambayo barua pepe zake ndizo wengi wetu tunazo, hutazama zaidi ya majibu unayotoa. Hutazama pia kama simu au kompyuta unayotumia ni ile uliyoizoea na kama uko mahali unapoingilia siku zote. Kwa mtu wa Kinyala, basi, nyumbani kwake, akishika simu ile ile ya zamani japo kioo chake kimepasuka, ni mahali bora kuliko steshenari yoyote ya Tukuyu. Akiulizwa nenosiri la mwisho analolikumbuka, asiliache tupu. Hata lile la kabla ya la mwisho husaidia. Na kama mwizi ameingia na kubadili namba ya kurejea, Google yaweza bado kukuruhusu upelekewe tarakimu kwa namba ya zamani kwa muda wa siku 7, kwa hiyo anayegundua Jumatatu asingoje hadi mwezi uishe.

Kuhusu nenosiri lenyewe nina maneno machache, kwani limesemwa mno. Mtandao wa RockYou ulipoibiwa mwaka 2009, maneno ya siri milioni 32 yalikutwa yameandikwa wazi, na lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Huku kwetu watu hupenda jina la ukoo lianzalo na Mwa-, likafuatwa na mwaka wa kuzaliwa. Ama sivyo, Yanga1935 au Simba1936, na anayelichagua hudhani amebuni jambo. Herufi ndogo nane zapangika kwa namna zipatazo bilioni 209, idadi itishayo kuisikia, lakini mashine za leo hujaribu mabilioni kwa nukta moja pale faili lilipohifadhiwa kizembe. Kinachomchosha mwizi ni urefu: maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kubahatisha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliacha kuwataka watu wabadili nenosiri kila baada ya muda au kulipamba kwa alama za ajabu, kwa vile watu wakilazimishwa huongeza namba 1 mwishoni na basi. Nami naongeza langu, ambalo wenzangu wa mjini hulicheka: daftari dogo lililofungiwa sandukuni nyumbani ni hifadhi njema kwa mtu asiye na programu ya kuhifadhia maneno ya siri, maana mwizi aliyeko nchi nyingine hafiki Rungwe kuiba daftari. Kisichofaa ni daftari la mtu mwingine.

Wenye steshenari sina ugomvi nao. Wamewavusha vijana ambao bila wao wasingefika chuoni, kwa malipo madogo, na kaunta buku zao zilizaliwa na huruma, kwani mteja hurejea mwezi wa pili akilia kwamba amesahau. Wampishe tu mteja kibodi achape nenosiri mwenyewe, waandike namba yake yeye hata ikibidi arudi kesho na simu, wakatae kompyuta inapouliza kama ikumbuke nenosiri, na wahakikishe ametoka katika akaunti kabla hajainuka kitini.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulijua wakati umepita. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa, na kanuni hiyo ikaanza kutekelezwa Desemba ya mwaka huo. Shahada huchukua miaka mitatu au zaidi; kijana aliyefunguliwa barua pepe kwa ajili ya mkopo, asiifungue tena hadi siku ya mahafali, huenda akakuta haipo, na anwani ya Gmail iliyofutwa haifunguliwi upya na mtu yeyote, naye akiwamo. Hapo asipoteze siku kuibembeleza Google, ambayo haina dirisha la kubisha hodi. Achukue kitambulisho chake cha taifa na vyeti vyake, afungue anwani mpya kwa namba yake mwenyewe, kisha aziendee taasisi zilizoandika ile ya zamani, chuo, Bodi ya Mikopo na Sekretarieti ya Ajira, moja baada ya nyingine, aombe ibadilishwe katika kumbukumbu zao. Huko yupo karani awezaye kuitazama picha ya kitambulisho na uso ulio mbele yake.