Waliokunywa Maji Wasafishe Mfongo

Kila ufikapo mwezi wa Disemba, barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho hujaa magari. Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata ng'ambo hurejea kula sikukuu katika vihamba vya baba zao, kati ya migomba na mibuni. Ni desturi njema, na sisi watu wa visiwani, ambao hatupendi Idi itukute mbali na nyumbani, tunaielewa bila ya kufasiriwa. Lakini ndani ya magari yale wamo watu wazima wengi ambao, wakifika penye lango la skuli fulani, hupunguza mwendo, huwaonyesha watoto wao kwa kidole na kusema: "Hapa ndipo tuliposoma." Kisha huongeza mwendo wakaenda zao. Mtoto aliyeonyeshwa lango lile hasomi humo wala hatarajiwi kusoma humo. Yeye yuko katika skuli ya kulipia.

Ni juu ya dakika ile moja ya kupunguza mwendo ndipo tunapotaka kuzungumza leo.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza, Kibosho kwatuhusu nini? Kwatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mitihani ya Baraza la Taifa ni jambo la Muungano: kijana wa Kibosho na kijana wa Wete hukaa mbele ya karatasi moja, kwa saa ile ile. Ya pili ni kwamba ugonjwa tutakaoueleza haukuishia mlimani. Yeyote anayezijua skuli zetu kongwe, na dakhalia zetu, ambazo wenzetu wa Bara huziita mabweni, atautambua mara tu atakapousikia.

Nasi tunayasema haya kwa kuyaonja. Tulihitimu Kurani chuoni, tukasoma katika skuli ya Serikali, kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, mjomba wetu aliyekuwa akifanya kazi Moshi akatuchukua, tukamalizia masomo katika skuli moja ya bweni kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jina lake tunaliweka kando, kwa kuwa hatukuja kumwaibisha mtu. Tulikuta mabafu yaliyojengwa kwa ustadi lakini mabomba yake hayatoi hata tone. Tukawa tunateremka mtoni alfajiri na ndoo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Tulikuta maktaba yenye makabati mazuri ya mbao, na ndani yake vitabu viliwao na mchwa. Usiku kunguni walitushughulikia kuliko walimu walivyotushughulikia mchana. Hata hivyo tulisoma, tukafaulu, tukaondoka. Na kwa miaka zaidi ya ishirini, nasi tukipita njia ile, tumekuwa tukipunguza mwendo tu. Kwa hiyo lawama iliyomo katika makala haya inaanzia mlangoni kwetu wenyewe.

Skuli za mlimani hazikushuka kutoka mbinguni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kibosho mwaka 1893, na elimu ikafuata nyayo za kanisa. Walutheri walifanya vivyo hivyo katika sehemu nyingine za mlima. Serikali ya Waingereza nayo ilijenga skuli yake Old Moshi, ambayo baadaye ilimlea Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu mwaka 1966, na Reginald Mengi, aliyekuja kuwa mfanyabiashara mashuhuri. Lakini nguzo kubwa ya yote hayo ilikuwa ni kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na fedha za buni zikasomesha vijana wengi ambao baba zao hawakujua kuandika majina yao. Kila darasa lilikuwa na jasho la mkulima ndani yake.

Baada ya uhuru, Taifa liliamua kwamba elimu isiwe mali ya wenye nacho. Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Na mwaka huo huo Bara ikafuta ada za skuli za sekondari. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye Elimu ya Kujitegemea. Kisha ikapitishwa Sheria ya Elimu ya 1969, na skuli za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku zikaingia mikononi mwa Serikali. Umbwe, skuli ya wavulana iliyoko hapo hapo Kibosho, ambayo chimbuko lake ni kazi ya misheni ya Kikatoliki, ni moja ya skuli zilizopita katika njia hiyo.

Tunataka lieleweke vizuri neno hili. Wako wanaosema kwamba skuli zile ziliharibika siku zilipotaifishwa, na kwamba kosa ni la sheria ile. Sisi hatukubaliani nao. Kabla ya hapo, mtoto wa Kiislamu aliyetoka chuoni na juzuu yake kwapani alikuwa na tumaini dogo sana la kulala katika dakhalia lililojengwa na mapadri. Sheria ile ndiyo iliyotufungulia mlango. Lakini ukweli haugawanyiki, na kada wa Chama asiyeusema wote hafai kuusema hata nusu. Tulichukua majengo, tukachukua na mashamba, ila hatukuchukua mazoea ya kuyatunza. Yule mtawa aliyekuwa akizunguka kila Jumamosi na nyundo, akipigilia msumari uliolegea, hakupata mrithi. Tulifungua mlango kwa wote, na hilo ni jambo la haki. Lakini hatukumteua mtu wa kutia mafuta bawaba zake.

Kisha dhiki zikaandamana. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na KNCU navyo, vikarudishwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligharimu hazina ya Taifa. Mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikaadimika, na bati moja likawa ni kitu cha kuombewa kibali. Ada za sekondari zilirejeshwa mwaka 1985. Mwaka 1989 ukasita mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa, bei ikaporomoka, na mkulima wa Kibosho akaanza kung'oa mibuni apande nyanya. Aliyekuwa na uwezo alimpeleka mwanawe katika skuli binafsi, ambazo ziliota mlimani kama uyoga baada ya mvua. Pale aliyekuwa na sauti alipomwondoa mwanawe, skuli ya umma ilipoteza zaidi ya mwanafunzi mmoja: ilipoteza mzazi ambaye angegonga meza.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la rangi za kuta tu. Mwezi wa Juni 1994 moto uliunguza bweni la wasichana katika skuli ya Shauritanga, wilayani Rombo, upande mwingine wa mlima huu huu, na wasichana wapatao 40 wakapoteza maisha. Mwezi wa Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika moto wa bweni la Idodi, mkoani Iringa. Hatusemi kwamba kila moto huletwa na uchakavu. Tunachosema ni kwamba moto ukishazuka, mlango unaofunguka, dirisha lisilozibwa na maji yaliyomo katika bomba ndivyo vinavyopambanua hasara na msiba. Na vitu vitatu hivyo havinunuliwi siku ya moto. Hutunzwa siku ambazo hakuna anayevitazama.

Ni haki kusema kwamba Serikali haikulala. Kuanzia miaka ya 2016 na 2017, ikiitumia Mamlaka ya Elimu Tanzania, ilianza kuzikarabati skuli kongwe za Bara, zikiwamo Mzumbe, Ilboru, Pugu na Msalato, na kazi ikaenea katika skuli nyingine nyingi. Ada ya sekondari ya Serikali, iliyokuwa shilingi 70,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa bweni na 20,000 kwa wa kutwa, ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Mtoto wa maskini amepumua. Lakini ukarabati si utunzaji. Nyumba iliyokarabatiwa leo na kuachwa bila ya mtunzaji, baada ya miaka kumi itahitaji mkarabati mwingine, na baada ya ishirini itahitaji mjenzi.

Hapa ndipo wanapoingia wale waliosoma. Wengi wao wameunda vikundi. Hukutana, hula pamoja, huvaa fulana zenye nembo ya skuli, hukumbushana majina ya utani ya walimu na jinsi ugali ulivyokuwa mgumu. Mara moja baada ya miaka mitano hupeleka madebe ya rangi au tangi la maji, wakapigwa picha, wakaagana kwa machozi. Hatuyabezi hayo. Lakini wengi wao walisoma, walikula na kulala kwa fedha ya umma, na kwa jasho la mkulima ambaye hakuwajua kwa sura. Deni la namna hiyo halilipwi kwa madebe ya rangi.

Kibosho yenyewe ina mafunzo makubwa kuliko yote tunayoweza kuyatoa sisi. Miteremko ile hunyweshwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na mababu, inayochota maji katika mito ya juu na kuyateremsha kihamba hadi kihamba. Kila mfongo una watu wake. Siku ya kuusafisha hutangazwa, na kila mwenye zamu ya maji hufika na jembe lake. Asiyefika hutozwa faini, na akikaidi hunyimwa maji. Hakuna anayeuliza kama mtu anaupenda mfongo au kama anaukumbuka. Huulizwa jambo moja tu: je, unakunywa maji yake? Ndiyo maana mifereji iliyochimbwa kabla ya kuja Wajerumani imedumu mlimani, hali majengo ya saruji ya juzi yamebomoka.

Nasi visiwani tunalo somo linalofanana na hilo. Wazee wetu walipojenga msikiti au chuo hawakuishia kwenye kuta. Waliweka wakfu: minazi kadhaa, shamba la mikarafuu, au nyumba ya kupangisha, ili mazao na kodi yake yanunue mikeka na mafuta ya taa hata baada ya wao kufa. Walijua kwamba anayejenga bila ya kuacha cha kutunzia amejenga gofu.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwa waliosoma: badala ya mchango wa sherehe, wekeni zamu kama ya mfongo. Kila mmoja atoe kiasi kidogo kinachojulikana, kila mwaka bila ya kukosa, na kazi yake iwe moja: kumlipa fundi wa kudumu na kununua vifaa vyake. Hesabu ibandikwe ukutani mwa skuli, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweze kuisoma. Kwa Serikali: fungu la matengenezo litengwe peke yake, lisimezwe na fungu la majengo mapya, kwa kuwa jengo jipya huzinduliwa kwa ngoma, lakini bomba lililozibuliwa halina utepe wa kukata. Aidha, Bodi za Skuli ziwape nafasi waliosoma humo, ili wawe na mahali pa kuuliza na pa kuulizwa. Mwaka 2018 michango ya lazima ilipigwa marufuku katika skuli za umma ili mtoto wa maskini asifukuzwe. Ni uamuzi wa haki, na haumzuii aliyekwisha kufaulu kutoa kwa hiari yake.

Na kwa sisi tulio katika Chama, neno letu ni fupi. Tusiwe watu wa kusifu elimu ya umma jukwaani na kulipa ada za skuli binafsi gizani. Anayesema kwamba skuli ya Serikali haiwezi tena kushindana na atazame matokeo ya Kidato cha Sita ya mwaka 2016. Iliyoongoza nchi nzima ilikuwa Kisimiri, skuli ya Serikali iliyoko Arumeru, kwenye miteremko ya Meru, ambayo haina jina la kale la kujivunia.

Disemba itafika tena, na magari yatapanda tena Kibosho. Sisi tumekwisha kuandika barua kwa mkuu wa skuli ile tuliyosoma, tukauliza fundi mmoja hulipwa kiasi gani kwa mwezi. Tunawaomba wenzetu, kila mmoja kwa lango lake, mara hii wasipunguze mwendo tu. Wasimamishe gari, washuke, wazungumze na mwalimu wa zamu, wafungue bomba waone kama linatoa maji. Kisha ndipo wamwambie mtoto: "Hapa ndipo tuliposoma."